Waya za baskeli ya gia na chumvi yetu ya pwani: namna ya kuzitunza zisigome

Hii baskeli tunaiita ya milima na mie naishi Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako mlima mkubwa kabisa ni tuta la barabarani. Lakini ndo baskeli inayotufaa, tairi nene inapita mchangani maji yakishatoka, inapita mawe huko maweni, gunia la mwani unapakia nyuma, na ukenda nayo Pemba vilima viko vya kukutoa roho. Shida yake moja tu, waya. Miezi minne haijesha gia unabonyeza leo inaingia kesho, mkono wa breki unauminya unabaki huko huko kama umegandishwa.

Sasa wengi wetu tukiona hivo dawa tunayoijua ni moja, kumimina mafuta. Mafuta yoyote yaliyo karibu, ya injini yaliyokwishatumika, ya nazi, grisi kidole kizima. Mie nimemimina miaka na miaka. Mpaka siku moja nilikuwa nishaitoa kava mbovu ya gia ya nyuma nataka kuitupa, nikasema hebu niichane nione. Nikapitisha kiwembe, nikazibandua zile nyuzi za chuma zilizomo ndani ya plastiki, nikafika kwenye kile kineli, yaani kijibomba, cheupe cha katikati. Nje kava nyeusi inang'aa kama ya jana, waya ile sehemu iliyokaa wazi juu ya fremu inang'aa pia, lakini mule ndani, kwenye pindo la chini karibu na gurudumu, kuna uji wa kahawia, mchanga na mafuta vimeshikana kama bokoboko, na waya imeliwa na kutu upande mmoja tu, upande wa chini. Maji yaliingia yakatuama pale yasipate pa kutokea, na kila nilipomimina mafuta nilikuwa naufunika mchanga na chumvi vizuri visitoke.

Kwa hiyo ntakayoyaeleza yote hapa yanarudi kwenye hilo: waya ya baskeli ya pwani haiharibikii pale unapopaona, inaharibikia ndani ya kava, na kuimiminia mafuta bila kuifungua ni kuichelewesha tu siku ya kukatika.

Kwanza tuelewane majina

Waya ni ule uzi wa chuma wenyewe. Kava ni lile ganda la nje, wengine wanaita mpira wa waya. Vikofia ni vile vibati au viplastiki vya mwisho wa kava. Direla ni kile kimkono cha nyuma kinachosukuma cheni huku na huku kwenye friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma. Shifta ni kile cha kubonyezea gia pale kwenye usukani. Ajasta ni kile kiskrubu cha kuzungusha kwa vidole ambacho waya inapita katikati yake, kipo kwenye mkono wa breki na kwenye shifta au direla.

Halafu kuna jambo mafundi wengine wanalipuuza na ni hatari. Kava ya breki na kava ya gia si kitu kimoja. Ya breki kwa kawaida ni nene milimita 5 na ndani yake chuma kimezungushwa kama springi, inastahamili kuminywa. Ya gia ni milimita 4, ndani nyuzi zimelala kwa urefu, inafanya gia ziingie sawasawa lakini haikutengenezwa kwa nguvu za breki, ukiminya kwa nguvu inaweza kupasuka. Fundi mmoja mjini alishawahi kunifungia kava ya gia kwenye breki ya mbele kwa sababu "zote nyeusi", nikaja kushtukia siku ya tatu nyuzi zimechomoza ubavuni kama mwiba wa chewa. Waya nazo mbali mbali, ya gia unene milimita 1.2 au pungufu kidogo, ya breki 1.5 au 1.6, na kichwa cha waya ya breki za baskeli hizi ni kama kijipipa kilicholala. Ukiuziwa yenye kichwa kama pea hiyo ya baskeli za mbio, rudisha.

Nitajuaje waya inataka kufunguliwa?

Breki: minya mkono, achia ghafla. Urudi "ta!" mara moja. Ukirudi kwa uvivu kuna msuguano ndani. Hakikisha lakini tatizo si breki yenyewe, zile mikono miwili pale kwenye rimu nazo zinashika kutu kwenye ekseli zake, ichomoe waya kisha zisogeze kwa mkono, zikiwa nyepesi basi mgonjwa ni waya.

Gia: angalia upande wa kushuka kwenda meno madogo. Kupanda kwenda meno makubwa unavuta mwenyewe kwa kidole, nguvu unayo, hutoona tatizo mapema. Kushuka kazi inafanywa na springi ya direla peke yake, na waya yenye uchafu inaishinda springi. Kwa hiyo ukibonyeza kushuka na cheni ikafikiri kwanza, hapo tena, waya inataka kufunguliwa.

Na kama gia unairekebisha leo ipo sawa, kesho imepotea, kesho kutwa tena, usihangaike na ajasta. Kuna nyuzi zinakatika moja moja ndani ya shifta, pale waya inapopinda sana. Badilisha kabla haijakuachia kichwa chake ndani, maana kukitoa hicho kichwa mule ni kazi ya kukosa sala ya laasiri.

Kila ukitoka ufukweni

Maji baridi, mapema, kabla chumvi haijakauka. Kata au ndoo na kikopo inatosha, unamwagia taratibu kutoka juu. Usiipeleke baskeli pale wanapoosha gari ukapigiwa pampu, ile nguvu inaisukuma chumvi ndani ya kava na ndani ya bearingi mahali ambapo yenyewe isingefika. Na wenzangu wa pwani ya mashariki mnajua, visima vyetu vingi maji yake yana magadi, unaonja unatema. Ukioshea maji yale umefanya nini sasa? Tumia ya mfereji, au ya mvua uliyokinga. Lita tatu nne zinatosha kabisa.

Ukimaliza, futa waya zote zilizo wazi na tambara kavu, bonyeza gia na breki mara kadhaa maji yatoke. Usiilaze kichwa chini magurudumu juu ikauke, nawaona vijana wengi wanafanya, maji yote yanateremkia kwenye shifta na mikono ya breki. Isimamishe kama kawaida.

Hii ni muhimu zaidi wakati wa kusi, upepo unatoka baharini moja kwa moja, hata baskeli iliyoegeshwa barazani haijenda popote ukiishika asubuhi inanata. Na ukivuka nayo kwenda Pemba ikawekwa nje kwenye deki, ukishuka Mkoani kitu cha kwanza iombee maji kabla hujapanda hata kilima kimoja.

Kufungua bila kulegeza nati hata moja

Hili ndilo watu wengi hawalijui na ndilo lililonipunguzia gharama. Angalia fremu yako, vile vishikio ambavyo kava inaingia na kuishia. Vikiwa na mpasuo ubavuni, raha. Visipokuwa na mpasuo, au kava ikiwa moja ndefu mwanzo mpaka mwisho, itabidi ulegeze nati ya waya kule kwenye direla.

Tuseme mpasuo upo. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli na panda mpaka jino kubwa kabisa la friwili. Simama. Sasa bila kuzungusha pedeli tena, bonyeza shifta kushuka mpaka mwisho, ka, ka, ka, ka, mpaka igome. Cheni haijasogea kwa sababu haizunguki, lakini shifta ishaiachia waya yote, kwa hiyo waya imelegea inaning'inia. Vuta kava kidogo, ipitishe waya kwenye mpasuo, itoke. Kipande cha kwanza, cha pili, na lile pindo la nyuma kwenye direla.

Breki zile za mikono miwili: minya mikono yote kwa mkono mmoja ishike rimu, kwa mkono wa pili kichomoe kile kibomba kilichopinda kutoka kwenye kishikio chake. Umemaliza. Halafu kule juu linganisha mpasuo wa ajasta na mpasuo wa mkono wa breki, kava inatoka na kichwa cha waya unakichomoa.

Sasa telezesha kava pembeni uione ile sehemu ya waya iliyokuwa imejificha. Usipitishe kidole kitupu, uzi mmoja uliokatika unaingia chini ya kucha na utautafuta kwa sindano usiku mzima. Chukua kipande cha pamba, kibane kwenye waya, kipitishe pole pole kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Pamba ikiacha manyoya mahali, hapo uzi umekatika, waya hiyo imekwisha, hakuna cha kujadili. Ikipita salama angalia rangi: unga mweupe ni ile zinki iliyopakwa juu inayoliwa, bado una muda kidogo. Kahawia ya juu juu ikifutika na tambara lenye mafuta ya taa na waya ikabaki laini, iendelee. Kahawia yenye vishimo, badilisha na kava yake pamoja, maana ile kutu ishakwaruza kineli cha ndani na waya mpya utakayoitia humo itakuwa nzito siku ya kwanza.

Kava nayo isafishe. Ishike wima, mafuta ya taa kidogo kwa bomba la sindano upande mmoja, yaache yatoke upande wa pili, rudia mpaka yatoke safi. Iache ikauke kabisa, nusu siku juani hivi.

Mafuta gani basi?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Kava nyingi za sasa zina kineli cha plastiki ndani na waya inateleza humo hata ikiwa kavu. Mie natia matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye tambara, naipitisha sehemu ile ya waya inayoingia ndani ya kava, basi. Sehemu inayokaa wazi naifuta iwe kavu, maana yenye mafuta huko nje inakusanya mchanga na kila ukibadilisha gia unauingiza ndani mwenyewe.

Grisi kwenye waya ya gia, hapana. Inakuwa nzito na springi ya direla haina nguvu hiyo. Mafuta ya nazi, jamani, mnayaona wenyewe mwezi wa saba asubuhi yameganda chupani mpaka uyaweke juani ndo yatoke, na ndani ya kava yanaganda hivo hivo, halafu yakikaa yananata. Ile spreya ya kopo inasaidia kufukuza maji ukiwa umenyeshewa, pulizia ndani ya kava, ila inapotea haraka, usiihesabu kama mafuta.

Kama una baskeli ya zamani ambayo kava yake haina kineli, chuma kwa chuma, hapo ndo mafuta ni lazima na mara kwa mara, na kwa upande wa breki hata grisi nyepesi sawa. Ichungulie mdomo wa kava tu utajua.

Kubadilisha

Mie nabadilisha zote kabla ya masika, mwezi wa pili hivi, kisha baada ya masika nazifungua kuzikagua. Vuli nazipitia tu. Wewe wa Kiembesamaki unaekanyaga lami unaweza kukaa mwaka mzima na zaidi. Nunua waya isiyoshika kutu upesi, stenles, kwa hapa kwetu tofauti ya bei inarudi yenyewe. Nayo chumvi inaigusa ikiachwa, lakini pole pole.

Kukata kava ndo wengi wanaharibu. Watu wanaweka juu ya jiwe wanapiga na tindo, mdomo unabonyea, waya inakwaruzwa hapo kila siku. Tumia plaizi yenye makali ya kweli, na kabla ya kukata ingiza kipande cha waya kuukuu ndani kisha kata vyote pamoja, kava haibonyei. Halafu piga tupa mpaka mdomo uwe sawa kama sarafu, na kile kineli cha ndani kifungue na ncha ya sindano ya gunia. Chungulia upande wa pili, uone mwanga duara. Ukiona mwezi mchanga rudia.

Urefu, ipime kwa kugeuza usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Kava isivutike, wala isijikunje kama nyoka mbele ya taa, maana ndefu ikipita kichakani inanasa kila tawi. Pindo la nyuma kwenye direla liwe la wastani, likiwa refu linaning'inia chini na ndo kisima cha maji nilichokisema mwanzo.

Weka vikofia pande zote isipokuwa mahali kava inapoingia imebana yenyewe. Pitisha waya, weka shifta kwenye jino dogo, vuta waya kwa mkono tu mpaka isiwe na mlegeo, kaza nati. Sio kwa plaizi na mguu ukutani. Kisha shika ile waya iliyo wazi kwenye fremu uivute mara nne tano kwa nguvu, na breki ziminye mara kumi. Itaonekana imelegea, watu husema waya imerefuka, kumbe ni kava na vikofia vimekaa mahali pake. Legeza nati, vuta tena, kaza.

Gia ikichelewa kupanda kwenda jino kubwa, zungusha ajasta nusu duru kinyume cha saa. Ikichelewa kushuka, nusu duru kufuata saa. Nusu, jaribu, nusu, jaribu.

Ncha ya waya iliyobaki usiiache wazi itachanuka kama ufagio. Kabla ya kukata tia tone la superglu pale utakapokata, subiri, kata, kisha vika kibati. Huna kibati? Chukua nipo, kile kinati kidogo cha njiti ya gurudumu, ivike, ibinye na plaizi. Hiyo haitoki mpaka kiama.

Kuziba midomo

Hapa nna kitu kimoja nakipenda. Kwa fundi baskeli yoyote wa visiwani kuna ule mpira mwembamba wa valvu, wa baskeli za kizamani, anakukatia kwa urefu. Kata vipande vya sentimita mbili, kabla hujafunga waya ya gia vipitishe, vikae pale waya inapotoka kwenye kava, vimegusa kikofia bila kukibana. Maji na mchanga vinavyotiririka juu ya waya vinaishia hapo. Na ndani ya kikofia chenyewe, mdomoni tu, weka grisi ya ukubwa wa punje ya mtama. Ndo sehemu pekee nnayoikubali grisi kwenye gia. Kwenye breki, ule mpira wenye mikunjo unaokaa kati ya mikono miwili usiutupe, ukipasuka kata kipande cha tyubu ukisokote badala yake.

Tyubu kuukuu hiyo hiyo bandika pale kava inapogusana na fremu mbele, chini ya usukani. Chumvi na mchanga hapo vinageuka msasa, rangi inakwenda, kisha alumini.

Na ukienda mbali beba waya moja ya gia na moja ya breki. Zinazungushwa chini ya siti, uzito haupo. Mie siku niliyodharau nilikuwa njia ya kwenda Ngezi, kule kaskazini ya Pemba, nyuma ya Konde, waya ya gia ikakatika ndani ya shifta. Ikikatika ya nyuma cheni inaruka jino dogo kabisa na hapo kilima chochote ni cha kusukuma. Nilichofanya, kwenye direla kuna viskrubu viwili vidogo pamoja, kile cha kuzuia upande wa jino dogo, mara nyingi kimeandikwa H, nikakikaza kwa ncha ya kisu huku nazungusha pedeli kwa mkono mpaka cheni ikapanda jino la tatu ikatulia hapo. Baskeli ikawa ya gia moja. Nikenda Ngezi, nikaoga Vumawimbi, nikarudi Konde nayo hivo hivo, na muuza duka akaniuliza kwa nini sibadilishi gia kwenye kile kilima cha mwisho.